Fundo la Akiba

8 Septemba, Jumatatu

Nimegundua nina kipaji. Si majivuno, ni taarifa.

Chama chetu cha wahariri wa kamusi elezo ya mtandaoni kimekutana maktaba. Kuna nafasi moja ya kwenda mkutanoni Zanzibar. Mzee Elieza, mwenyekiti, amesema ataipata atakayefungua mafundo mengi. Mafundo gani? Mwajabu ametuonyesha. Huyu ni binti wa Kondoa anayejifanya anajua kompyuta. Ubaya ni kwamba anajua. Kwenye mtambo wake kila makala ni nukta, na kila kiungo cha kutoka lugha moja kwenda nyingine ni mstari. Mlenda wa Kiswahili uende kwenye mlenda wa Kiingereza, basi. Mtu akiunganisha vibaya, mstari unakuwa mwekundu, na hilo ndilo fundo. Leo tumeanzia kwenye mlenda, tukapita Kifaransa na Kijerumani, tukarudi kwenye Kiswahili tukajikuta kwenye gundi. Watu wamecheka. Mimi kama Mgogo, niliyekuzwa na mboga hiyo ya kuteleza, nimeumia.

Nimempigia Mama, Kibaigwa, kumwambia nakwenda Zanzibar. Kwani aende nani mwingine?

10 Septemba, Jumatano

Mwajabu anafungua mafundo kama anayekunja nguo. Mimi nimeshinda na moja tu. Nikikata mstari huku, unazuka mwingine kule. Ng'ombe wa Kirusi amegoma kabisa kuachana na maziwa ya Kiitaliano.

Jioni, wazo! Mafundo ya watu ni magumu kwa sababu hujui waliyafungaje. Ukifunga mwenyewe, unajua ncha iliko. Nikafunga. Zabibu nikaipeleka kwenye divai. Reli nikaipeleka kwenye ngazi. Soko la Darajani, Zanzibar, nikaliunganisha na makala ya Kiingereza ya soko la Kibaigwa, ile yenye picha niliyopiga mwenyewe: Mama kakaa juu ya gunia la mahindi, kanuna.

12 Septemba, Ijumaa

Nimefungua mafundo yangu mbele ya watu, huku nikijifuta jasho lisilokuwepo. Mzee Elieza kanipa mkono. Mwajabu kauliza mbona mafundo yangu yote ni ya juzi. Nikamjibu kwamba kosa halina umri.

La Darajani nimeliacha. Fundo la akiba. Mwenye akili hali mbegu yote.

14 Septemba, Jumapili

Nimekwenda Kibaigwa. Mama kanitangaza kanisani. Mchungaji kaniombea nisizame. Nyumbani kuku amechinjwa, nikaagwa rasmi. Paja nimepewa mimi. Mama ameagiza karafuu, na ameshaziahidi kwa kwaya nzima. Nikajaribu kusema kwamba mshindi bado hajatangazwa. Akaniuliza kama sina imani. Nikala paja.

17 Septemba, Jumatano

Maafa. Mwajabu ameongeza kitu kwenye mtambo: ukigusa mstari mwekundu, hata uliokwisha kukatwa, linatokea jina la aliyeufunga. Akagusa zabibu, likatokea langu. Yotham. Akagusa reli. Yotham. Kabla hajafika Darajani umeme ukakatika. Mungu hamtupi mja wake.

Nikaeleza kwamba nilikuwa naupima mtambo. Mzee Elieza akauliza, kwa upole ambao sikuupenda, kama fundi anayemwaga misumari barabarani naye huwa anayapima magari. Swali la uonevu. Nafasi kapewa Mwajabu. Mimi nimefungiwa kuhariri. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu nani kazila?

Kwa Mama siwezi kusema. Kwaya nzima inasubiri karafuu.

20 Septemba, Jumamosi

Niko Chemba kwa rafiki yangu Hamza, ndani, pazia limeshushwa. Kwa Mama, niko Zanzibar. Hamza ameshauri nimpigie nimwambie ukweli. Ana roho nzuri ila hana mikakati.

Asubuhi Mama kaomba picha ya soko la huko, awaonyeshe wanakwaya. Rahisi. Nikafungua makala ya Darajani, nikabofya Kiingereza, maana picha nzuri ziko huko. Mtandao wa kusuasua, picha ukungu mtupu. Niliona magunia na watu. Soko ni soko. Nikatuma.

Mama akapiga. Akaniuliza yeye amefika lini Zanzibar.

Kwangu picha ndiyo kwanza ikamaliza kufunguka: gunia la mahindi, na juu yake Mama, kanuna. Akasema picha ameshaituma kwenye kundi la kwaya kabla ya kuvaa miwani, na kwamba habari za karafuu basi, nisihangaike. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nimeona aibu, kweli. Nimeona aibu mpaka chai ilipoiva.

Ila tukiangalia vizuri, kosa ni la mtandao. Na pia nimepata njia. Hamza amelala, na akaunti yake haijafungiwa. Nitalifungua fundo la Darajani, kisha nimnong'oneze Mzee Elieza, aone kwamba hata nikiwa kifungoni naitumikia kamusi. Mtambo ukitaja jina, utamtaja Hamza.

Kwanza ngoja nilikaze kidogo, ili kazi ionekane.