Hisa za Chumvi na Fungu la Mihogo

Alhamisi, 14 Mei 1953

Mfungo umeanza. Mvua haina habari kwamba tumefunga. Imenyesha tangu alfajiri, na paa letu la makuti limetoboka mahali papya, juu ya kitanda, upande wangu. Nikasogeza kitanda. Sasa linavujia upande wa Ashatu. Mke wangu akaenda kuleta sufuria.

Shida si mvua, shida ni harusi. Binti yetu Mina anaolewa baada ya Idi. Posa imekubaliwa, mahari imepokelewa, na watu wa bwana harusi wanatoka Mkange, watu wenye macho ya kupekua nyumba za wenzao. Ashatu ameapa kwamba bintiye hatatolewa katika nyumba yenye masufuria sakafuni. Akiba ya mabati imetimia juzi, shilingi mia tatu, imo kashani. Nimeahidi kuezeka kabla ya Idi. Nimeahidi kwa kiapo, mbele ya Mina!

Ila leo nimesikia neno. Bi Tabia, mjane wa nyumba ya nyuma, anahamia Vigwaza kwa mwanawe na anauza hisa zake kumi za Kampuni ya Chumvi ya Pwani Njema. Hisa moja shilingi thelathini. Kumi ni mia tatu kamili! Na shemeji yangu Dadi, kaka yake Ashatu, amekwisha kwenda kuulizia.

Dadi! Mtu wa mkahawa mmoja na majivuno ya mikahawa kumi. Akipata hisa atazungumza habari za hisa mpaka nizikwe.

Ijumaa, 15 Mei

Baada ya sala nimemkamata Sadallah barazani kwa shangazi yake, jirani yetu. Huyu ni karani wa hesabu katika shamba la mkonge upande wa Chalinze, amekuja kufunga kwa jamaa zake. Kijana wa adabu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza mara moja: mtu anajuaje kama hisa ni ghali au rahisi?

Akanieleza kwa upole, na midomo yake imekauka. Usitazame faida ya mwaka mmoja, alisema. Wakati wa vita chumvi ya ng'ambo haikuja, kampuni ikavuna fedha. Mwaka mwingine mvua ikaharibu kila kitu, ikapata patupu. Mwaka mmoja hudanganya. Chukua miaka kumi. Lakini shilingi ya mwaka arobaini na tatu si shilingi ya leo, ilinunua vitu vingi zaidi. Kwa hiyo faida ya kila mwaka igeuze iwe shilingi za leo, kwa kutazama bei ya kitu ambacho kila mtu hununua, zamani na sasa. Halafu jumlisha, gawa kwa kumi, upate wastani. Kisha bei ya hisa igawe kwa wastani huo. Ukipata zaidi ya ishirini, hisa ni ghali. Ukipata chini ya kumi, ni rahisi.

Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Nililoelewa ni neno rahisi. Nikaomba arudie. Akarudia. Nikauliza itakuwaje nikigawa wastani kwa bei badala ya bei kwa wastani. Akafumba macho. Nilidhani anavuta uradi.

Mwishoni aliongeza jambo kuhusu miezi, kwamba niangalie miezi. Lakini wakati huohuo Dadi alipita na kofia mpya ya viua, anaamkia watu kushoto na kulia kama liwali. Sikusikia mwisho wake. Nikasema naam, naam.

Jumamosi, 16 Mei

Siku ya kazi kubwa! Faida ya kampuni kwa kila hisa hubandikwa kila mwaka kwenye ubao wa ofisi yao hapa mjini. Nimenakili miaka kumi yote chini ya mwavuli wa watu wengine.

Ikabaki bei. Kitu gani kila mtu hununua? Mihogo! Tajiri, maskini, mwalimu, mvuvi, wote hufuturu mihogo. Nikaenda sokoni. Fungu moja senti thelathini, na wanawake karibu wapigane. Nikaandika: leo, senti thelathini.

Bei za zamani nimezichukua kwa Ashatu, maana mimi nilipokuwa karani wa soko niliandika ushuru, sikuandika mihogo. Ashatu hahesabu miaka kwa tarakimu. Kuna mwaka Mina alipoanza chuo cha Kurani, kuna mwaka wa mgao wa sukari, kuna mwaka aliofariki mama yake. Kila mwaka anaukumbuka wakati wa kung'oa mihogo, kila shamba linayo. Fungu senti tisa, senti kumi, basi. Akauliza mbona namhoji habari za mihogo na fundi wa mabati sijamwona. Nikamwambia ni elimu.

Basi, zamani senti kumi, leo senti thelathini. Kila shilingi ya faida ya zamani ni shilingi tatu za leo! Sikujua kama dunia imepanda hivi.

Hesabu nimeifanya mara tatu. Ya kwanza ilisema hisa ni ghali mno. Ya pili ilisema mimi ndiye ninayedaiwa na kampuni. Ya tatu ikasema wastani ni shilingi nne na nusu kwa hisa. Thelathini gawa kwa nne na nusu, haifiki saba. Rahisi kupindukia! Nimeshika ya tatu kwa sababu ndiyo ya mwisho, na hesabu hukomaa kadiri inavyorudiwa.

Jumatatu, 18 Mei

Nimefanya ujanja wa kumwondoa Dadi. Nimemtumia maneno kupitia kinyozi kwamba Bi Tabia amepandisha bei, anataka thelathini na mbili.

Dadi akamwendea Bi Tabia kulalamika. Bi Tabia hakuwa na habari. Akafikiri kidogo, akaona wazo ni zuri, akapandisha bei. Thelathini na mbili!

Sasa napungukiwa shilingi ishirini. Nimeuza kanzu yangu ya kupokelea wageni. Naipenda sana kanzu ile. Lakini mwenye hisa kumi hata akivaa shuka huamkiwa.

Jumatano, 20 Mei

Dadi amekuja kufuturu kwetu. Alikula magimbi yetu kwanza, ndipo akanena. Alikwenda kwa miguu mpaka kwenye mabwawa ya chumvi, mikokoni huko. Kuta za mabwawa zimebomoka kwa mvua. Maji ya bahari huingia na kutoka yatakavyo, na vibarua wamerudishwa makwao. Yeye hanunui tena. Akaniambia, shemeji, nakusihi, nawe usinunue.

Nilicheka moyoni. Fitina mbichi! Anataka niondoke, arudi kwa mlango wa nyuma. Na hata kama kuta zimeanguka, Sadallah hakutaja kuta popote. Alitaja miaka kumi, wastani, na kugawa. Ingekuwa kuta ni muhimu, mtu aliyesoma angezitaja.

Ashatu alikuwa anasikiliza mlangoni. Akaniuliza nimekatazwa kununua nini. Nikasema viatu.

Alhamisi, 21 Mei

Nimenunua! Bi Tabia amenipa karatasi kumi zenye picha ya lundo la chumvi. Nimezilaza kashani mahali pa fedha. Nimemwambia Ashatu mabati yamechelewa Dar es Salaam. Mina akasema hakuna neno baba, bado siku zipo. Afadhali angenuna tu.

Jumanne, 2 Juni

Bendera mji mzima, malkia wa Waingereza anavikwa taji. Kwangu mimi sherehe imekuwa nyingine. Ashatu amefungua kasha kutafuta kanga, akatoka na karatasi kumi mkononi. Akauliza kama nyumba huezekwa kwa karatasi. Nikaanza kumweleza habari za miaka kumi. Nilikuwa nimefika mwaka arobaini na tano alipoingia jikoni.

Futari ya leo ilikuwa mihogo bila nazi. Mihogo ya maji na chumvi. Chumvi nyingi. Tangu tuoane sijawahi kupikiwa hivyo, hata nilipovunja mtungi wa mama yake.

Jumatano, 3 Juni

Nimempelekea Sadallah hesabu yangu ili aje kumtuliza Ashatu kwa maneno ya kitaalamu. Aliisoma taratibu. Akauliza bei za zamani ni za mwezi gani. Nikasema za wakati wa kung'oa. Akauliza hii ya leo je. Nikasema ya leo ni ya leo, mwezi wa Ramadhani, hatujui kama tumefunga?

Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema nimelinganisha bei ya wakati wa neema na bei ya futari. Shilingi haikuanguka hivyo, ni mihogo tu iliyopanda kwa mwezi mmoja. Ikirudi senti kumi, wastani wangu utarudi shilingi moja na nusu, na thelathini na mbili gawa kwa moja na nusu ni zaidi ya ishirini. Yaani ghali. Akasema, Mzee Mbaruku, nilikuambia uangalie miezi.

Kichwa kinaniuma. Hisa ni zilezile, karatasi ni zilezile, picha ya chumvi ni ileile. Iweje ziwe rahisi mwezi huu na ghali mwezi ujao kwa sababu ya mihogo?

Lakini nimepata dawa. Ikiwa ubaya wote ni mihogo kushuka, basi mihogo isishuke!

Jumatatu, 8 Juni

Nimewazungukia wauza mihogo wote, mmoja mmoja, kuwasihi wasishushe bei baada ya Idi. Nimewaeleza kwamba thamani ya viwanda vya nchi imo mikononi mwao. Mama mmoja kutoka mashambani alinipa pole, akaniuliza kama saumu imenipanda kichwani. Mwingine alikubali kabisa kuuza senti thelathini milele, mradi nimnunulie mafungu yote mimi.

Dadi amesikia. Mji mzima umesikia. Mkahawani jioni, baada ya futari, fungu la mihogo sasa linaitwa hisa.

Jumapili, 14 Juni

Idi ilikuwa jana. Mihogo leo senti kumi. Yule mama wa mashambani aliniongezea mmoja bure.

Ubao wa kampuni una tangazo: kazi imesimama mpaka kuta zijengwe, na fedha za kujengea hazijapatikana. Nimelisoma mara kadhaa, nikitafuta neno wastani. Halimo.

Nikarudi nyumbani. Dadi alikuwepo. Fedha ambazo hakununulia hisa amenunulia mabati, na nyumba yake imekwisha kuezekwa. Aliongea na Ashatu, si na mimi. Mina atatolewa kwake.

Alhamisi, 25 Juni

Nimemwoza binti yangu sebuleni kwa shemeji yangu. Nilivaa kanzu ya Dadi, mikono inapita vidole. Khatibu aliponitaka nitamke, sauti haikutoka mara ya kwanza. Watu wa Mkange walidhani ni furaha. Kikapita kimvua cha ghafla, mabati yakapiga kelele juu yetu, na hakuna aliyelowa. Mzee mmoja wa kwao akaitazama dari, akamsifu Dadi kwa nyumba nzuri. Akamsifu mbele yangu!

Mina alikuja kuniaga, akanibusu mkono. Akaniambia, baba usihuzunike, ila mimi nilitaka nitokee mlango wetu. Basi. Hakusema zaidi, wala hakusema kwa hasira. Nimelia nyuma ya banda la kuku la Dadi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimejiapia hapo hapo, mbele ya kuku wote: hisa sitazigusa tena, na shilingi ya kwanza nitakayoipata ni ya paa.

Jumapili, 28 Juni

Niko peke yangu. Ashatu amebaki kwa kaka yake, ati anamsaidia wifi yake kuosha vyombo vya harusi. Vyombo gani hivyo visivyokwisha! Ametuma salamu kwamba atarudi siku atakayosikia nyumba ina paa, hata la makuti.

Asubuhi Dadi amekuja. Sikutegemea. Hakucheka, hakutaja mihogo. Akaweka shilingi thelathini juu ya mkeka, akasema nikanunue makuti mapya, dada yake arudi kwake, yaishe. Nimemshukuru kwa moyo mweupe. Yeye ndiye ndugu. Nimeondoka mara moja kwenda kutafuta makuti.

Njiani nikapita mlangoni mwa ofisi ya kampuni. Walikuwepo wenye hisa wengi, nyuso zimewashuka. Wanauza hisa moja senti hamsini. Senti hamsini! Nikasimama. Nikachukua wastani wa miaka kumi, na safari hii kwa mihogo ya senti kumi, kama alivyotaka Sadallah, nisije nikalaumiwa. Shilingi moja na nusu. Nusu shilingi gawa kwa shilingi moja na nusu. Haifiki hata moja! Chini ya kumi ni rahisi, hii tuiiteje? Nilirudia mara tatu. Safari hii majibu yote matatu yalikuwa sawa, jambo ambalo halijapata kunitokea maishani.

Nimenunua sitini. Wale watu walinishika mkono kwa zamu, mmoja akaniombea dua. Dadi hajui. Kiangazi kimeingia, makuti ya nini?

Nimempelekea Ashatu salamu aanze kufungasha.