Kikundi cha Mama na Mtoto, Kinu cha Zamani

Jumapili, 3 Machi

Nimefungua. Chumba cha kinu cha zamani, walimokuwa wakikamua zeituni enzi za baba mkwe, sasa ni mahali pa mama na watoto wadogo kucheza asubuhi. Nimepaka chokaa. Nimetandika mazulia yangu yote ya sebuleni. Mume wangu, Baba Fakhri, ameuliza wageni wetu watakalia nini. Nimemwambia asinivunje moyo.

Kijijini nimetangaza kwamba ni kwa ajili ya maendeleo ya watoto. Hapa naweza kuandika ukweli. Ni kwa ajili ya Adham, mjukuu wangu wa pekee. Ana miaka miwili, anaishi mtaa wa juu, na tangu sikukuu sijamshika. Mama yake, Rula, amenuna. Nilimkata mtoto nywele, basi. Zilikuwa zimejiviringa mpaka watu wanamwita binti, mkasi ulikuwa karibu, na mimi ni bibi yake. Rula alilia utadhani nimekata sikio. Mwanangu Fakhri anasema nipande kwao nikaombe radhi, yataisha. Radhi kwa nywele? Nywele huota. Hapana. Watakuja wenyewe. Mama kijana gani atabaki nyumbani wenzake wote wakiwa kwangu?

Wamekuja wanne. Rula hakuja.

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Mama Nizar naye amefungua kikundi, sebuleni kwake! Huyu ni mama mzazi wa Rula, yaani bibi mwingine, ambaye anamwona Adham kila siku ya Mungu na bado hatosheki. Mwanawe anayefanya kazi nchi za Ghuba amemletea dimbwi zima la mipira ya plastiki. Mtoto anazama mpaka shingoni, anaibuka anacheka. Mimi nina mazulia na vifuniko vya sufuria.

Wawili wangu wamehamia huko. Mmoja amesahau kiatu cha mtoto, hata hakurudi kukichukua.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimefanya kazi ya akili. Nimemwambia Mama Suhaib, mmoja wa wawili waliobaki kwangu, kwa siri, kwamba katika mipira yote ile hakuna hata mmoja wa buluu. Nyekundu, njano, kijani, basi. Watoto wamejaa humo, wanene, wazuri, na hakuna buluu ya kuzuia jicho la hasidi. Sikusema zaidi. Nimeguna tu na kutazama dari. Siri ukimpa Mama Suhaib hufika msikitini kabla yako.

Jumatano, 6 Machi

Ilifika. Mama Nizar amesikia, ameshukuru aliyegundua, na amemwaga gunia zima la mipira ya buluu. Sasa wanasema hakuna nyumba salama kwa mtoto kama ile. Hata waliokuwa hawana kikundi wamepeleka watoto.

Kwangu amekuja Mama Suhaib peke yake, na pacha wake wanaong'atana. Amekunywa chai ya mrehani glasi tatu. Amesema Adham alikuwa katikati ya mipira ya buluu, akirusha mmoja mmoja na kuusemesha. Nimeuliza anaongea vizuri sasa? Amesema anaongea sana. Nimeingia nyuma ya jiwe la kinu, nikajifanya natafuta ufagio. Mtoto ameanza kuongea na mimi sijui sauti yake.

Alhamisi, 7 Machi

Hajja Fiddha amefariki, mama mkwe wa Mama Nizar. Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mkali na mkarimu, na ndiye aliyenifundisha kukunja majani ya mzabibu nilipoletwa hapa bibi harusi. Kijiji kimenyamaza. Hakuna redio, hakuna kikundi, si kwake wala kwangu. Nimelia kweli.

Baada ya kulia nimefikiri. Msibani kila mwanamke atakuwepo. Rula atakuwepo. Adham ataachwa na nani? Atakuwepo. Nitaingia kwa heshima, nitatoa pole fupi yenye uzito, na kijiji chote kitaona Mama Fakhri ni mtu wa aina gani. Nimefanya mazoezi mbele ya kabati.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu.

Niliingia vizuri. Nguo nyeusi, macho chini. Nilimbusu Mama Nizar na akanishika mkono kwa muda, mkono wa mtu aliyechoka. Nilipewa nafasi karibu na dirisha. Tende ikapita, kahawa chungu ikapita.

Hapo Adham akatokea chini ya mapazia. Amerefuka. Alinitazama, akaja moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya goti langu na kusema, "Bibi." Nilikunywa kahawa yote kwa mkupuo, nikamrudishia kikombe binti aliyekuwa akimimina, na kwa furaha, kwa sauti iliyofika jikoni, nikasema, "Daima!"

Kwetu kila anayemaliza kahawa husema hivyo: kahawa isikome nyumba hii. Siku zote, isipokuwa msibani. Msibani unasema Mungu amrehemu. Ukisema daima umewaombea wafiwa wafiwe tena na tena. Hata Adham atalijua hilo kabla hajaanza shule.

Bibi mmoja akajiziba uso kwa mtandio, na mabega yakamtikisika, si kwa kilio. Mama Nizar akaniangalia. "Mmoja hakutosha, Mama Fakhri?"

Nikatoka. Rula akanifuata mpaka kwenye ngazi, mtoto kiunoni. Nilingoja matusi.

"Mama," akasema, "mlango wetu unaujua. Adham anakuuliza kila siku. Njoo Ijumaa ijayo, matanga yatakuwa yameisha. Ubishe hodi tu, uingie."

Nikasema nitaleta nini?

"Usilete kitu. Njoo wewe."

Jumamosi, 9 Machi

Sikulala kwa furaha. Nimelipima jambo hili kila upande. Nikipanda mimi, nitakaa saa moja kama mgeni na kurudi. Akishuka yeye, mtoto atazoea kinu na kuja kila siku. Kwa hiyo: mchanga! Sanduku kubwa la mchanga, liwe tayari Ijumaa hiyo hiyo. Mama Suhaib atalitangaza. Rula akisikia atashuka mwenyewe. Baba Fakhri anasema mwalikwa ni mimi. Hajui watu.

Ijumaa, 15 Machi

Mchanga ulikuwa mzuri, umechekechwa. Nilikaa pembeni yake tangu swala ya adhuhuri. Walikuja pacha.

Jua linazama ndipo Fakhri akaja, hakuketi. Amesema Adham alivaa viatu mwenyewe, akakaa kizingitini. Kila aliyepita njiani aliuliza kama ni bibi. Amelala pale pale, na Rula amemvua viatu.

Nimelia mpaka Fakhri akaogopa. Baba Fakhri amechukua fimbo yake, amesema twende sasa hivi, mtoto ataamka atukute. Nimemwambia akae chini. Baada ya jambo zito kama hili mtu hawezi kwenda mikono mitupu. Jirani ana punda mpole, hapigi teke. Jumapili nitamfunga mlangoni pa kinu. Mtoto gani atamkataa punda?