Dua Iliyo Ndani ya "Goodbye"

Jumatano, 4 Agosti 1954. Voi.
Danson amekwisha! Mzee Mghanga wa Ronge anataka kumwoza binti yake Loise, na wachumba tumebaki wawili. Mimi, karani wa stesheni, na Danson, dereva wa trekta shamba la mkonge, aliyeishia darasa la nne. Yeye humpelekea mzee tumbaku. Mimi nitampelekea elimu. Kamusi ya ofisini inasema "goodbye" zamani ilikuwa sentensi nzima: Mungu awe nanyi. Waingereza wakaifinya mpaka ikabaki hivyo. Kumbe hata Mzungu wetu mkali wa stesheni hutuombea dua kila jioni bila kujua! Mzee husema Kiingereza ni lugha ya kufokea watu. Ataona.

Jumapili, 8 Agosti. Ronge.
Nilikwenda na suti. Danson alikuwa amekwisha kufika, anasuka kamba ya mbuzi kama mtoto wa nyumbani. Mnafiki. Nikaeleza asili ya neno kwa hoja tatu. Mzee akauliza mara mbili kama kweli hiyo ni baraka. Nikasema naam, baraka kamili, anayeambiwa amebarikiwa. Loise akanikonyeza. Nikadhani ni mapenzi. Wakati wa kuondoka nikanyosha mkono juu ya mzee na wenzake, nikatamka kwa sauti ya kanisani: "Goodbye!"
Danson akainamia kamba yake, mabega yakimtikisika.

Jumatatu, 9 Agosti.
Mama ameteremka kutoka Ronge, amewaka. Aliniuliza mbele ya makarani wenzangu ni shule gani hiyo inayofundisha watoto kubariki wazee. "Wewe Phineas! Ndevu zenyewe ziko wapi?" Eti kwetu Taita baraka hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na kijana anayembariki mzee amemwambia kwamba zamu yake imepita. Mzee ana hasira moyoni, na usiku uleule mbuzi wake ameharibu mimba. Nimelaumiwa kwa mbuzi pia! Dawa ni kutasa: mzee ataweka pombe ya miwa kinywani, anipulizie, aiombe hasira imtoke. Nimekubali. Mtu msomi huvumilia mengi.

Jumamosi, 14 Agosti. Ronge.
Suti ninayo moja tu. Hilo liandikwe kwanza.
Mzee alivuta funda, akanipulizia kifuani. Akaomba hasira iende zake, nami nipate amani, nyumba na watoto. Maneno mazuri, nakiri. Akavuta funda la pili. Hili likanipata usoni, likaanza kuteremka kwenye kola. Nikatoa leso.
"Umejifuta?" mzee akauliza. Kama mtu anayeuliza, umeua?
Nikaeleza habari za usafi. Hakuna aliyesikiliza. Danson, mjanja yule, akapiga magoti palepale, akaomba kilichobaki. Kikamwingia machoni, masikioni. Hakupepesa! Mzee akasema huyu ndiye mtoto anayejua kubarikiwa. Loise aliniangalia mara moja, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Alhamisi, 19 Agosti. Voi.
Danson ndiye anayeoza. Hapana, ndiye anayeozwa Loise. Hata kalamu inanisaliti.
Mama ameniletea ujumbe wa Loise. Eti alinisubiri miaka miwili nimwambie baba yake neno moja tu la Kidawida, lugha yetu ya Taita, neno lolote. Sijui alikuwa na maana gani. Kidawida hakimo katika kamusi.
Lakini Danson ameniomba nihutubu arusini, kwa kuwa nimesoma. Ananicheka. Na acheke! Nimetafuta neno "husband". Asili yake ni mwenye nyumba. Na Danson analala kambi ya mkonge! Nitawaeleza wazee wote, kwa hoja tatu, mzee Mghanga ajue amechagua nani. Suti nimeipeleka kwa dobi, ingawa harufu ya miwa imekataa kutoka.
Nikimaliza nitanyosha mkono juu yao wote, niwaage kwa Kiingereza.