Bango la Yeshimebet

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa Hidari
Mkaguzi anakuja Alhamisi kumchagua mkuu wa hisabati katika shule yetu hapa Dessie. Nimefundisha miaka kumi na tisa. Mwalimu mwenzangu Yeshimebet, ninayeshindana naye, ana miezi saba tu ya kufundisha! Leo katundika bango darasani kwake: 3x + 5 = 20, na chini vikadi vya rangi. "Kizigeu" chini ya 3. "Kigeu" chini ya x. "Visivyobadilika" chini ya 5 na 20. Wanafunzi wakampigia makofi. Mimi sikupigiwa makofi hata siku ya harusi yangu.

Jumatano, 5 Hidari
Mwalimu mkuu, Ato Belachew, kamsifu mbele yangu. Akaniuliza mbona sili injera yangu. Nikamwambia ni tumbo. Si wivu, ni tumbo. Walimu wote walipokwenda nyumbani nikaingia darasani kwa Yeshimebet, nikabadilisha vikadi viwili: kigeu kwenye 3, kizigeu kwenye x. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Hidari
Nimejibanza nje ya dirisha lake. Mkaguzi yumo ndani. Binti mmoja, Meklit, kanyoosha mkono.
"Mwalimu, hapo pamekosewa. Tatu inaizidisha x, ndiyo kizigeu. Tusiyoijua ni x."
Mkaguzi akafurahi mno. Akasema hajaona katika mkoa mzima mwalimu anayetega makosa ili watoto wayawinde. Yeshimebet akajaribu kueleza kwamba hakutega kitu. Hakusikilizwa. Kwangu anakuja kesho.

Ijumaa, 7 Hidari
Na mimi nimetega. Makosa matatu! Hata alama ya sawasawa nimeiita ya kujumlisha. Nikangoja mkono unyooshwe. Wapi! Darasa zima likanakili kwa mwandiko safi, kisha likasoma kwa sauti moja, mkaguzi akisikiliza. Nikamuuliza Dagim, anayeongoza darasa, kama haoni kitu.
"Naona, Gashe," akaniita kwa heshima. "Ila mwaka jana nilikusahihisha, ukanitoa nje."
Mkaguzi akaandika. Akaandika sana.

Jumamosi, 8 Hidari
Yeshimebet ndiye mkuu. Kaja nyumbani kwangu na kahawa, akaniomba nimsaidie kupanga ratiba, eti mimi ndiye mzoefu. Kahawa nimeipokea. Ratiba nimesema nitafikiria.
Nimetafakari kwa utulivu wapi nilikosea, na sasa nimeona. Makosa matatu yalikuwa machache. Mkaguzi akirudi nitatega kumi, na Dagim atakaa nje tangu asubuhi.