Mkono Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 16 Desemba
Alhamisi napimwa damu tena. Sina raha.

Mwezi wa kumi Daktari Fifita aliniambia tezi yangu ya shingo imelegea kidogo. Nikashukuru, kidogo si kitu. Kumbe hajamaliza. Tezi ikilegea, anasema, mwili unawaka kama kuni mbichi. Mafuta mabaya yanabaki kwenye damu, mishipa inakakamaa, na anayebeba mzigo wote ni moyo. Nipunguze vinono, nitembee, kisha tupime upya.

Mke wangu Kalolaine alisikia kila neno. Tangu siku hiyo nyumbani ni papai na samaki wa kuchemsha. Ameapa: damu isipokuwa safi, Wiki ya Maombi ya mwaka mpya nitakaa ubavuni pake na sahani ya papai. Wiki ya Maombi! Karamu asubuhi, karamu jioni, kila familia na zamu yake, vitoto vya nguruwe vimepangwa mezani kama wanakwaya! Na mimi ndiye mhubiri wa kutoa hotuba ya shukrani. Nitasifuje nguruwe mdomoni mna papai?

Bwana anajua kwamba sijafuata masharti. Mara kadhaa nimekula mbavu za kondoo nyuma ya banda la mchoma nyama. Damu itanisema.

Jumanne, 17 Desemba
Njia imepatikana!

Daktari huja zahanati ya kijiji Jumatatu tu. Alhamisi anayetoa damu ni muuguzi Losaline. Baba zetu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo kwetu visiwani Tonga huyo ni dada yangu hasa. Tangu tulipobalehe hatujakaa chumba kimoja. Akiingia yeye, natoka mimi. Kunivua shati na kunishika mkono? Heri ardhi ipasuke. Nikamtuma Kalolaine akaombe itundikwe pazia, nami nitoe mkono tu. Losaline kakubali haraka, na yeye roho imetulia.

Basi, mkono hauna uso.

Shemeji yangu Kitione, mdogo wake Kalolaine, anaishi nyuma ya nyumba yetu. Anakula chakula cha watu wawili, hata mbavu zangu za bandani hunisaidia, na ni mwembamba kama kasia. Kalolaine hanipi nafasi ya kupumua: mwone Kitione, mwone Kitione. Haya, nimemwona. Mvivu kupindukia, analala mchana, anavaa sweta jua likiwa la kukaanga yai. Lakini mwembamba. Nimemwahidi paja la nguruwe siku ya zamu yetu.

Kasema, "Shemeji, damu yangu ni maji ya dafu. Utaitwa malaika."

Alhamisi, 19 Desemba
Imekwenda kama mafuta. Kalolaine alibaki nje. Kitione aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kitini, akapenyeza mkono. Mimi nilisimama kando yake nikimsemea.

Losaline alifunga mpira mkononi. Kisha, kwa sauti ya heshima, akasema, "Kaka umepungua. Mungu ni mwema."

Nikajibu ni mwema sana.

Akasema mkono ni wa baridi mno. Nikasema ni hofu ya Mungu. Kitione karibu acheke, nikamkanyaga.

Jioni nilipitia banda. Mbavu mbili tu, za kushukuru.

Jumatatu, 23 Desemba


Daktari Fifita kaja mwenyewe nyumbani, hata viatu hakuvua vizuri. Akamkalisha Kalolaine kwanza. Tezi bado imelegea kidogo vilevile, akasema, lakini mafuta kwenye damu yamepanda vibaya. Akauliza kama nachoka bure, kama nasikia baridi, kama kifua kinabana nikibeba kitu. Nikasema hapana, hapana, hapana. Hakuniamini. Akauliza kama kuna aliyekufa kwa moyo katika ukoo. Kalolaine akasema, "Si ukoo wa mume wangu, ni baba yangu mimi, alianguka kwenye shamba la viazi vikuu na jembe mkononi." Akaanza kulia. Akanipepea huku analia. Ananipepea mimi, mzima wa afya!

Nikatazama dirishani. Kitione alikuwa anabeba mawe ya tanuri la ardhini la kuokea nyama ya Krismasi, kavaa sweta. Akasimama. Akaweka mkono kifuani. Akakaa chini taratibu, mawe mapajani, kama mtu anayesubiri jambo lipite.

Nimemwona akikaa hivyo mara ngapi? Kila mara nilimpigia kelele kuwa ni mvivu.

Nikafikiri: nikisema, nguruwe amekwenda, heshima imekwenda, Wiki ya Maombi imekwenda. Nisiposema, nitamzika mtoto wa mkwe wangu pale pale alipozikwa baba yake. Nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Ilikuwa "Ee Bwana" basi.

Nikasema, "Daktari, damu ile si yangu. Ni ya yule pale."

Kalolaine aliacha kupepea. Akaliweka pepeo chini polepole, akalinyoosha. Najua maana yake.

Lakini daktari alikuwa keshatoka nje, anamwambia Kitione aweke mawe chini na asiinue hata kijiko.

Jumanne, 24 Desemba
Kitione yuko hospitali ya mji mkuu, Nuku'alofa. Jana, kabla hajaondoka naye, daktari alinitoa damu mwenyewe, bila pazia, na sindano niliisikia hadi kwenye meno. Sikulalamika.

Kalolaine hasemi nami. Anasema na kuku. Anawaambia kuku kuwa kuna watu wanahubiri juu ya Yakobo aliyejifanya Esau, na kumbe wanachukua mafunzo.

Kanisani jioni nilishindwa kuimba besi. Kiti cha Kitione kilikuwa kitupu. Kwa kawaida husinzia hapo na mimi humfinya. Ee Mungu, mrudishe asinzie.

Jumamosi, 28 Desemba
Amerudi! Bwana asifiwe mbinguni na duniani!

Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeanza kuziba. Umewahiwa. Amepewa dawa ya kushusha mafuta na kidonge cha tezi, anakimeza asubuhi kwa maji kabla hajala. Daktari kaeleza kwamba tezi peke yake huenda isingemwangusha. Lakini tezi iliyolegea, juu yake moyo wa kurithi, juu yake mbavu za kondoo, na juu ya yote mawe ya tanuri! Angebeba mpaka mwaka mpya, pengine asingeuona.

Nilimkumbatia nikalia kama mtoto. Yeye alicheka, sweta lake mwilini.

"Shemeji, miaka yote unaniita mvivu," akasema. "Sasa nina karatasi ya daktari."

Na mimi je? Tezi yangu imerudi sawa yenyewe. Kumbe wengi huwatokea hivyo, ndiyo maana hupimwa mara mbili. Mafuta yamezidi kiasi. Nikauliza ni tezi? Daktari akasema hapana, ni nguruwe.

Losaline naye kaleta salamu kupitia Kalolaine. Alijua tangu mwanzo kuwa ule si mkono wangu. Ila kusema hivyo ingekuwa kukiri kwamba amewahi kuutazama mkono wa kaka yake. Akanyamaza kwa heshima, akaandika pembeni mwa karatasi ya majibu kwamba daktari aje mwenyewe nyumbani.

Kalolaine amenisamehe nusu. Leo kanipa papai lenye ndimu.

Jumatatu, 6 Januari
Wiki ya Maombi imeanza. Jana nilisifu vitoto kumi vya nguruwe kwa ufasaha mkubwa, tumbo likinguruma katikati ya hotuba. Kitione alinipepea.

Habari njema. Daktari kanipa kidude cha kufunga mkononi, kinahesabu hatua. Kalolaine ametoa neno: kikionyesha nimetembea kijiji kizima kila siku hadi Jumamosi, nitapata kipande kimoja na ngozi yake.

Nilijaribu asubuhi. Jua kali, magoti yanalalamika, na kila nyumba ninayopita inanukia.

Sasa, nguruwe wetu mweusi huzurura kutwa, na hakuna mtu anayemuuliza anakwenda wapi. Nimempatia utepe laini wa kufungia kidude, usiomchubua mguu, maana mwenye haki huangalia mnyama wake. Ametoka langoni hivi punde, mwendo mzuri kabisa, kuelekea kwa mchungaji.

Nimeegemea ukuta kivulini. Moyo wangu, Bwana asifiwe, umetulia tuli.