Sahani Moja na Chui wa Manchira

Mwaka ule rashi ya dhahabu kule Nyakunguru ilipopamba moto, pesa zilikuwa zinatembea barabarani zikitafuta mtu wa kuzipokea, na Bushiri, kwa huruma aliyojaliwa, hakupenda kuona pesa zikihangaika.

Siku hiyo alikuwa sokoni Tarime akichagua suruali ya mtumba. Muuzaji akapasua robota jipya, na katikati ya makoti ya Ulaya akadondoka chui. Si chui wa porini, la! Ni vazi la chui, manyoya ya bandia kuanzia kichwani hadi mkiani, lile la kuvaliwa na mtu kwenye matangazo ya biashara. Kichwa kikubwa kama sufuria ya msibani, sikio moja limeliwa na panya. Muuzaji akaona aibu, akataka kulificha. Lakini watoto walikuwa wameshaliona, wakapiga kelele, wakawaburuta mama zao, na mke mmoja wa mchimbaji, mikono imejaa bangili, akatoa elfu mbili mwanawe apigwe picha na kile kichwa tu, tena kikiwa kimewekwa juu ya ndoo.

Bushiri akaisahau suruali. Akalinunua vazi kwa elfu kumi na tano, akaondoka nalo begani, mkia unafagia lami.

Tumweleze kidogo huyu bwana. Babu yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka Pangani, akaja kushona Tarime na kufia hapo hapo. Hakumwachia mjukuu cherehani wala kiwanja. Alimwachia Kiswahili kitamu tu, na kule Mara, ambako watu husema neno moja na kunyamaza, mtu mwenye maneno matatu huonekana tajiri. Kwa maneno hayo Bushiri aliwahi kuuza dawa ya panya iliyokuwa unga wa muhogo, na panya walimshukuru.

Ila safari hii alikuwa na jambo moyoni, na tusimcheke kwa hilo. Alimpenda Kauthar, mpishi wa Mugumu, mwanamke mwenye pilau inayomwita mtu kwa jina. Alipomposa, Kauthar alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bushiri, mdomo wako nimeuona. Nionyeshe mlango wa duka." Na duka lilikuwepo: fremu moja pale stendi ya Tarime, mwenyewe anadai kilemba cha milioni tano ndipo amwachie mtu, mwisho Jumatatu saa sita mchana, wiki sita mbele. Baada ya hapo inakwenda kwa muuza simu.

Basi akakodi kipande cha nyasi karibu na bwawa la Manchira. Akafunga bembea, akachomelewa kigurudumu cha kuzungusha watoto, akapanga meza sita za plastiki. Akaandika ubao: BUSTANI YA CHUI. KUCHEZA BURE. KULA NA CHUI, ELFU TANO. Kauthar akawa jikoni kwa ahadi ya kuwa mke mwenye duka. Ndani ya chui akaingizwa Kisyeri, kijana mrefu mpole wa huko huko, kwa elfu tano kwa Jumamosi.

"Masharti mawili," Bushiri alimwambia. "Husemi, na huvui kichwa."

"Nikitaka kukohoa?"

"Nguruma."

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wachache. Miongoni mwao alikuwepo Werema, mwenye maduara mawili, yaani mashimo ya dhahabu, kule Nyakunguru, gari jipya, na kitambi ambacho nacho kilikuwa kipya. Alikula, mwanawe akakumbatiwa na Chui, kisha akamwita Bushiri pembeni, uso umekunjamana.

"Wewe mura, kijana wewe, elfu tano ni nini? Huyu mtoto wangu ni wa elfu tano? Fundi wangu wa pampu amekaa meza ya pili pale na watoto wake, tunakula sawa!"

Maskini Bushiri! Alikuwa ameshajiandaa kuomba msamaha kwamba bei ni kubwa. Akainamisha kichwa kama imamu. "Mzee, nisamehe. Wiki ijayo utaheshimiwa."

Wiki iliyofuata ikawa elfu kumi na tano, wakaja mara mbili ya wale wa kwanza. Ikapanda elfu thelathini, watu wakapigania viti. Meza ya kukaa karibu na mkia ikawa na nyongeza yake, kushikwa mkono na Chui nyongeza yake, Chui kumpepea mtoto kwa sikio zima badala ya lile lililoliwa na panya, nyongeza yake. Wakati huo huo kuku akawa anapungua. Robo ikawa paja, paja likawa bawa, na bawa lenyewe likaanza kuja bila ncha. Hakuna aliyelalamika. Mtu akishalipa elfu thelathini kwa bawa, hawezi kukubali mbele ya jirani kwamba amekula bawa. Atasema amekula na Chui.

Aliyelalamika ni Kauthar. "Bushiri, mimi nina jina langu mjini. Haya mabawa yananiaibisha."

"Vumilia, mpenzi. Yote ni kwa ajili ya fremu yako."

Na Kisyeri naye siku moja alivua kichwa nyuma ya jiko, jasho linamtiririka. "Kaka, bei imepanda mara sita. Mimi bado elfu tano, na humu ndani joto nalo linapanda."

"Kisyeri mdogo wangu," Bushiri akamwambia kwa upole wa shehe, "wewe unalipwa kwa kunyamaza. Sasa ukianza kudai, hiyo kazi yenyewe umeshaiharibu."

Kijana akamtazama, akarudisha kichwa. Kauthar aliyekuwa anachambua mchele hapo kando akatupa jiwe moja nje ya ungo.

Pesa nazo zilikuwa na adha yake. Kila Jumamosi alifika bwana Joel, mtu wa ushuru wa halmashauri, mstaarabu, kalamu sikioni. Kila Jumamosi Bushiri aliufunika ubao wa bei, akamwapia kwamba hii ni sadaka kwa watoto, hapa haiuzwi hata soda. Kwa hiyo hakuthubutu kupokea kwa simu, wala kutembea na noti mfukoni. Alizishindilia ndani ya vazi, penye sponji ya tumbo la Chui, akashona kwa mkono wake mwenyewe. Nani atamkagua chui tumboni? Chui akazidi kunenepa, na wazazi wakasema anapewa chakula kizuri.

Ijumaa ya wiki ya sita tumbo lilikuwa na milioni mbili na laki nane. Na Werema akapiga simu: mwanawe anatimiza miaka saba, anataka bustani nzima, viti arobaini, kwa elfu sitini kila kiti. "Nitalipa watu wakishashiba," alisema. "Sisi chakula hulipiwa kikiwa tumboni." Bushiri akapiga hesabu kwa vidole, akairudia kwa vidole vya miguu. Milioni tano na laki mbili! Kilemba kimetimia, na laki mbili za kanzu ya harusi.

Jumamosi ikafika. Viti arobaini vikajaa. Wapo wenye maduara, yupo Nashoni Mjaluo wa Shirati anayewauzia pampu, yupo Joel na kalamu yake, amealikwa kama rafiki. Watoto wakaimba, Chui akacheza, keki ikakatwa, mabawa yakaisha. Werema akaifuta midomo na kuingiza mkono mfukoni. Bushiri akajisogeza taratibu.

Ndipo bibi mmoja akasimama meza ya nyuma. Mwembamba, amejitanda kanga mbili, fimbo mkononi. Bushiri hakumkumbuka, lakini katika wageni arobaini utamkumbuka nani? Bibi akatembea hadi kwa Chui, akainama, akamwamkia kwa Kikurya maneno marefu mazito, akavua kanga moja na kumfunika mabegani. Kisha akageuka.

"Nani amemweka ndugu yetu juani?"

Vijiko vikatua sahanini. Bustani nzima ikawa kama kanisa.

Hapo msomaji wa mbali aelewe. Kule kila ukoo una mnyama wake. Hawa tembo, wale pundamilia, wengine kiboko. Mnyama wa ukoo haliwi, hatukanwi, hafanyiwi mzaha. Bushiri alikuwa amelisikia jambo hilo tangu utotoni, ila alilisikia kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha kwa jirani.

"Shikamoo, bibi," alisema haraka.

"Marahaba. Nimeuliza."

"Bibi yangu, haya ni maonyesho tu. Huyu siyo chui. Ni mtu, anaitwa Kisyeri!"

Mtoto wa sherehe akaangua kilio. "Siyo Chuiii?" Watoto wote wakamfuata, na mama zao wakamtolea Bushiri macho ya kumchinja.

"Kwani mimi kipofu?" bibi akasema. "Chui havai raba. Bendera nayo ni kitambaa. Nenda bomani ukaipangushie viatu, halafu uje utuambie ni kitambaa!"

Wazee wakatikisa vichwa. Maneno yamekwenda shule.

"Huyu ni wa kwetu," bibi akaendelea. "Mtu akija kula na ndugu yake, analipa kiingilio? Wewe Werema, ukienda kwa mjomba wako unakata tiketi?"

Werema alikuwa bado na mkono mfukoni. Alimtazama bibi, akamtazama Chui, na uso wake ukaanza kung'aa polepole. Mkono ukatoka mtupu. "Kweli," alisema. "Ndugu halipiwi. Ni mwiko kabisa."

"Mwiko!" ikaitikia meza ya wenye maduara.

"Mwiko," akasema Nashoni, akichokonoa meno.

"Wewe Nashoni ni Mjaluo!" Bushiri akalia.

"Nyanya yangu alinyonyeshwa na mwanamke wa ukoo huo. Maziwa hayana kabila, bwana."

Ndani ya dakika tano watu arobaini walikuwa ndugu wa chui, wakiwemo Wasukuma wawili na Mchaga mmoja. Lakini bibi alikuwa hajamaliza.

"Kwa kumtumikisha ndugu yetu, utatoa faini ng'ombe dume mmoja. Na yeye anarudi nyumbani leo, Nyangoto. Kisyeri, usivue. Anatoka kama alivyo, kwa heshima."

"Avue!" Bushiri akaruka. "Vazi ni langu, lazima avue, hasa tumboni!"

"Tumboni kuna nini?" aliuliza Joel, akichomoa kalamu sikioni. Aliuliza kwa nia njema tu.

Bushiri akafungua mdomo. Ule mdomo wa Pangani, uliouza unga wa muhogo kwa panya, ukafunguka na kufungika, ukafunguka tena. Akisema pesa, ni za nini, wakati haiuzwi hata soda? "Sponji," akasema kwa sauti ndogo.

Chui akasindikizwa hadi kwenye Probox iliyokuwa inasubiri. Werema, kwa kuwa sasa watu wanamtazama na sifa ni bure, akambandika noti za elfu kumi kumi kwenye paji la uso. Wengine nao wakaona wasishindwe, wakamtunza shingoni, mgongoni, mkiani. Bushiri alisimama akiona kwa macho yake watu waliogoma kulipa wakilipa. Gari likaondoka, na Chui akapunga mkono dirishani.

Jikoni nako hakukuwa na mtu. Masufuria ya Kauthar yalikuwa yameoshwa na kupakiwa.

Jumapili asubuhi Bushiri alipanda bodaboda hadi Nyangoto, akauliza nyumba ya Bibi mwenye fimbo, hakuna aliyemjua. Akaenda Nyakunguru, akamkuta Werema kwenye duara lake.

"Mzee, yule bibi wa jana si mama yako? Anakaa wapi?"

"Mama yangu alifariki zamani. Yule nilidhani ni wa Nashoni."

"Nashoni ni Mjaluo!"

"Ndiyo nikashangaa anajua Kikurya vizuri vile." Werema akajikuna kitambi. "Na sisi siyo watu wa chui, mura. Ila mtu akikusamehe milioni mbili na laki nne, utamuuliza ukoo?"

Bushiri akakaa juu ya kifusi. Alitaka kulia, na alilia kidogo. Halafu, tusimfiche, kicheko kikamtoka chenyewe. Kazi safi namna ile! Hata yeye asingeipanga vizuri zaidi. Lakini kicheko kikakatika alipokumbuka fremu.

Jumatatu alifika stendi ya Tarime saa sita na robo, viatu vimejaa vumbi. Mlango wa fremu ulikuwa wazi. Muuza simu hakuwepo. Alikuwepo Kauthar, amepanda juu ya stuli, anatundika ubao: PILAU YA KAUTHAR. KUKU ROBO KAMILI. JUMAMOSI WATOTO HULA NA CHUI. Kando ya stuli, Kisyeri, suruali mpya, ameshika nyundo.

"Kauthar," Bushiri alisema.

"Karibu. Tumbo lilikuwa na milioni mbili na laki nane, ndugu wa ukoo wakatunza laki sita. Iliyobaki nimevunja kibubu." Aliteremka. "Ulisema yote ni kwa ajili ya fremu yangu. Nimekuamini."

"Na ndoa yetu?"

"Posa huletwa na wazee. Wewe ulikuja na mdomo, nikakusikiliza. Leo nina mlango, kwa hiyo sasa wewe nisikilize mimi: ndani kuna mchele wa kuchambua gunia zima. Tuanzie hapo."

Bushiri alimtazama Kisyeri, akitafuta dharau usoni mwake. Hakuiona. Kijana alimsogezea tu mlango apite, kwa adabu, kama mtu anavyomfungulia mgeni aliyechelewa msibani.

Huko nyuma, kwenye mkeka, alikaa bibi mwembamba wa kanga mbili, fimbo iko kando, ungo mapajani, anarusha mchele na kupuliza makapi. Alikuwa shangazi yake Kisyeri, anaitwa Bibi Mokami, na ukoo wake ni wa pundamilia. Bushiri akavua viatu, akainama kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu." Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ng'ombe umemfunga wapi?"