Nilivyomfasiria Bibi Filamu ya Chiriku

Jumatatu, 4 Machi
Filamu ya Chiriku, yule mwimbaji mkubwa, imefika kwenye kibanda cha video! Ni ile ya safari yake ng'ambo, alipokwenda kumwimbia mtawala ambaye dunia nzima ilimsusia. Bibi yangu alikuwa mwitikiaji wake, wakaenda pamoja. Bibi aliporudi, mtaa ulimzomea. Miaka arobaini hagusii habari hiyo. Leo, akijifanya anachambua mchele, kaniuliza kama watamzomea tena. Nimemwambia atulie. Mjukuu yupo!

Jumatano, 6 Machi
Filamu ni ya lugha ya kigeni. Mwenye kibanda anataka mtu wa kuifasiri kwa kipaza sauti. Nikajitosa. Akauliza lugha hiyo nimesomea wapi. Nikamjibu darasani, kwani wengine husomea jikoni? (Mwalimu wetu wa lugha hiyo aliugua mwaka mzima.) Kinyozi wa jirani na kibanda kacheka mpaka kamnyoa mteja nusu sharubu. Wivu tu!

Ijumaa, 8 Machi
Saa tisa mchana. Kibanda pomoni. Bibi kiti cha mbele, mtandio hadi puani. Kwenye skrini katokea mzee wa miwani, kawanyooshea kidole waitikiaji. Sikuambulia neno! Ila uso ule naujua: ni wa mwalimu mkuu siku ya kunifukuza. Nikafasiri haraka: "Anasema mabinti hawa hawakuulizwa. Walipewa tiketi tu. Na huyu wa kushoto, jamani, sauti yake ilimliza hata dereva!"
Wa kushoto ni Bibi, mwembamba kama ufagio. Makofi! Muuza mkaa, ambaye salamu ya Bibi huwa haitikii, kamshika mkono. Kinyozi kauliza mbona mzee kasema maneno matatu, mimi nimetoa hotuba. Nikamwambia lugha yao imebanwa, yetu ina nafasi.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Bibi lugha ile anaijua! Alikaa kule miezi minane. Kumbe mzee alisema waliuza utu wao kwa bei ya viatu. Nikatafuta mlango. Bibi akanidaka sikio, lakini taratibu.
"Mume wangu, wewe ni mwongo wa daraja la kwanza. Ila hilo la tiketi ulijuaje? Hakuna aliyewahi kutuuliza."
Kisha akaniimbia sehemu yake, beti zote. Mavumbi yakaniingia machoni. Ndani ya nyumba!

Jumapili, 10 Machi
Daktari wa zahanati ana mgeni anaumwa tumbo, lugha yake haijulikani. Kanitafuta nikamfasirie. Nimekubali. Kwani tumbo lina maneno mangapi?